Mbwa Anatulinda. Je, Yeye Analindwa na Nani?



Vikundi vingi vya kujisaidia vina daftari. Ndani yake kumeandikwa ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku, mizinga ya nyuki, miche ya miti, hata viti na sufuria za kukodisha. Lakini hebu tuulizane: ni kikundi gani kilichoandika mbwa? Karibu kila boma lina mbwa mmoja, wawili au watatu. Ndiye anayebweka usiku mwizi akija. Ndiye anayefuatana na mbuzi malishoni na kuwafukuza nyani katika mahindi. Hata hivyo ukimwuliza mwenyewe, "Huyu mbwa wako alichanjwa lini?" mara nyingi atacheka na kusema, "Aa, huyo ni mbwa tu."

Neno hilo "ni mbwa tu" limetugharimu maisha. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 2,000 kila mwaka hapa Kenya. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 kwa mwaka. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu, 99 waliupata kutoka kwa mbwa. Na wengi wanaong'atwa ni watoto, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaoogopa kusema nyumbani kwamba wameumwa.

Katika toleo hili tunataka kueleza jinsi ya kumtunza mbwa ili awe na afya, awe mtulivu, na asiwe hatari kwa mtu yeyote. Mtaona kwamba mambo haya yanashikana kama shanga katika uzi mmoja. Mbwa aliyeshiba hazururi. Mbwa asiyezurura hakutani na wagonjwa. Mbwa aliyezoea mikono ya watu anaweza kushikwa siku ya chanjo. Na mbwa wengi wakichanjwa, watoto wetu wamepona.

CHAKULA NA MAJI

Mbwa wengi vijijini hupewa kilichobaki, na siku isiyobaki kitu hulala njaa. Mbwa mwenye njaa hawezi kukaa nyumbani. Ataenda sokoni, atachakura jalala, ataiba mayai ya jirani, na huko ndiko atakakogongwa na matatu, kuwekewa sumu au kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo kumlisha mbwa ni kazi ya ulinzi, si ukarimu tu.

Ugali mtupu haumtoshi. Mbwa anahitaji chakula cha kujenga mwili kama sisi. Changanya ugali au uji mzito na omena, maharagwe yaliyochemshwa yakaiva kabisa, mabaki ya nyama, au maziwa kidogo. Mbwa mkubwa apewe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mtoto wa mbwa ambaye ameachishwa kunyonya juzi tu apewe kidogo kidogo, mara tatu au nne. Maji safi yawepo siku zote, katika chombo kizito kisichopinduka. Wakati wa jua kali mbwa hana jasho kama sisi; hupoza mwili kwa kuhema, na akikosa maji huumia upesi.

Kuna vitu ambavyo tusimpe:

- Mahindi au unga wenye ukungu. Watu wengi husema, "Haya hayafai kwetu, tumpe mbwa." Ukungu huo huleta sumu iitwayo aflatoksini ambayo huharibu ini. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 sehemu za mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Inaua mbwa vilevile, na kuku pia.

- Mifupa ya kuku iliyopikwa. Ikivunjika huwa mikali kama sindano na inaweza kutoboa utumbo.

- Vitunguu, na pia chokoleti. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, hata vikiwa ndani ya mchuzi.

- Matumbo, maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Sababu yake tutaieleza hapa chini tukifika kwenye minyoo.

MAHALI PA KULALA, NA MNYORORO

Mbwa anayelala mvuani hupata baridi na maumivu ya viungo, na hatakuwa mlinzi mzuri. Nyumba ya mbwa si kazi ya gharama. Tumia mabanzi au mbao za zamani na kipande cha mabati. Iinue kutoka chini kwa mawe au matofali ili maji yapite chini yake. Mlango uelekee upande ambao mvua haipigi. Iwe kubwa kiasi kwamba mbwa anaweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini isiwe kubwa mno, maana joto la mwili wake ndilo litakaloipasha. Weka gunia au nyasi kavu ndani, na kila wiki ulianike gunia juani au ubadilishe nyasi. Ukiweka mabati, yafunike kwa nyasi ili mchana yasimchome.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Kuna wanaomfunga mbwa mchana na usiku, mwaka mzima, wakidhani atakuwa mkali. Ni kweli atakuwa mkali, lakini ukali wake ni wa woga na uchungu. Hajui tena kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Siku mnyororo utakapokatika, atamwuma wa kwanza atakayekutana naye.

Kama ni lazima afungwe mchana, fanya hivi: kaza waya imara kati ya nguzo mbili, upitishe pete kwenye waya huo, kisha ufunge mnyororo kwenye pete. Hivyo mbwa anaweza kutembea kwenda na kurudi, kufikia kivuli na kufikia maji. Usimfunge shingoni kwa kamba nyembamba wala waya. Hukata ngozi na kidonda huingia mabuu. Mkanda wa shingoni uwe na nafasi ya vidole viwili kupita, na ukumbuke kuulegeza mtoto wa mbwa anapokua. Usiku mwachilie atembee ndani ya ua uliofungwa vizuri.

Tukumbuke pia kwamba Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumtesa mnyama, au kumwacha ateseke kwa njaa na kiu, ni kosa mbele ya sheria.

MZOESHE MIKONO YA WATU

Umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa hujifunza mengi katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha yake. Katika wakati huo ashikwe kila siku: aguswe masikio, afunguliwe mdomo taratibu, ainuliwe miguu. Afungwe kamba kidogo na kutembezwa. Akifanya vizuri mpe kipande cha chakula na maneno mazuri. Kumpiga kwa fimbo hakumfundishi kitu ila kukuogopa.

Faida yake mtaiona siku ya chanjo. Mara nyingi daktari wa mifugo hufika kijijini na dawa tayari, lakini mbwa hawaletwi. Si kwamba wenyewe hawataki. Ni kwamba mbwa hajawahi kufungwa kamba hata siku moja, na hakuna anayethubutu kumshika. Chanjo inarudi mjini ndani ya sanduku la barafu, na kijiji kinabaki vilevile.

MINYOO, KUPE NA UPELE

Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari wameambukizwa minyoo na mama yao, au huipata katika maziwa yake. Ndiyo maana tumbo huvimba na nywele hukosa kung'aa. Wapewe dawa ya minyoo wanapofikisha wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu. Mbwa mkubwa apewe kila miezi mitatu. Dawa hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na kipimo chake hufuata uzito wa mbwa. Kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Mama wa watoto hao apewe naye.

Hili ni jambo la afya ya watu pia. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mbwa na kukaa udongoni. Mtoto akichezea udongo kisha akaweka vidole mdomoni, mayai hayo humwingia. Basi kinyesi kizikwe au kitupwe chooni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuna mnyoo mwingine ulio hatari zaidi, tegu mdogo sana anayekaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake yakimwingia mtu, huota uvimbe wa majimaji katika ini au mapafu. Uvimbe huo hukua polepole kwa miaka mingi, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Wenzetu wa Turkana wanaujua ugonjwa huu vizuri, maana sehemu zao zimeathirika kuliko karibu mahali popote duniani. Shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana nao huko mwaka 1983: kuwapima watu, kuwapa mbwa dawa ya minyoo, na kufundisha.

Mbwa huupataje? Huupata anapokula maini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia yenye vile vifuko vya maji. Kwa hiyo mkichinja nyumbani, iwe ni harusi, matanga au sikukuu, msitupe vitu hivyo kwa mbwa. Vizikeni kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua, au vichomeni. Kama mnataka kumpa mbwa, vichemsheni kwanza kwa nusu saa nzima.

Kupe na viroboto nao humsumbua mbwa na kumletea magonjwa. Mkague masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Tunawasihi msitumie dawa ya kunyunyizia kahawa, nyanya au pamba. Mbwa hujilamba, na sumu humwingia tumboni. Dawa ya dipu ya ng'ombe nayo isitumiwe bila daktari wa mifugo kusema ni ipi na ichanganywe vipi. Na wale wanaompaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari, waache. Oili huichoma ngozi, na akiilamba humdhuru. Upele una dawa yake, mwulize daktari.

WATOTO WA MBWA WASIO NA MWENYEWE

Mbwa jike hubeba mimba kwa siku kama 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto sita kila mara, hao ni kumi na wawili. Nani atawalisha? Ndipo tunaona watoto wa mbwa wakitupwa sokoni, kando ya barabara au karibu na shule usiku. Wachache wakipona huwa mbwa koko, na tunaanza kuwaogopa mbwa tuliowatengeneza wenyewe.

Jike akiwa kwenye joto, afungiwe ndani kwa muda wa wiki tatu hivi. Lililo bora ni kumwita daktari wa mifugo ahasi dume au afunge uzazi wa jike kwa dawa ya usingizi. Dume aliyehasiwa huzurura kidogo na hupigana kidogo, na bado atabweka mwizi akija. Kazi hii isifanywe na fundi wa kijiji kwa wembe. Kama watoto wamekwisha zaliwa, tafuteni watakaowachukua mapema, na wasitolewe kwa mama yao kabla ya wiki nane.

KICHAA CHA MBWA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Ugonjwa huu uligunduliwa kwa mbwa hapa Kenya mwaka 1912, na haujatuacha tangu hapo. Huletwa na kirusi kinachokaa katika mate. Mnyama mgonjwa akimwuma mtu, au akilamba kidonda kilicho wazi, kirusi huingia na kusafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki tu au hata mwaka. Kikifika ubongoni, dalili huanza: homa, kuwashwa mahali palipoumwa, kuogopa maji, kuchanganyikiwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Ni kifo, karibu kila mara. Lakini kabla ya dalili, mtu anaweza kuokolewa. Huo ndio mlango ulio wazi, na hufungwa upesi.

Mbwa mwenye kichaa haonekani sawasawa na tulivyozoea kusimuliwa. Wako wanaokuwa wakali, wanaokimbia ovyo na kuuma kila kitu, hata mawe na miti. Lakini wako pia wanaokuwa kimya. Huyu hujificha gizani, taya lake hulegea, mate hutoka, na hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani, "Amekwamwa na mfupa," akatia mkono mdomoni ili autoe. Usifanye hivyo kamwe! Ng'ombe, mbuzi na punda wanaweza kuugua pia. Ng'ombe anayelia bila kukoma na kutoa mate mengi, usimtie mkono mdomoni. Mwite daktari. Nyama na maziwa ya mnyama kama huyo yasiliwe wala yasiuzwe.

KWA NINI MBWA SABA KATIKA KUMI?

Wataalamu wamegundua kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kirusi hukosa njia. Mbwa mgonjwa akiuma, anamwuma aliyechanjwa, na ugonjwa unaishia hapo. Chini ya hapo, hupata upenyo. Ndiyo maana tunasema kuchanja mbwa wako peke yako ni vizuri, lakini hakutoshi. Kijiji ni kama ua: mwenye kufunga upande wake huku jirani ameacha pengo, fisi ataingia tu.

Chanjo irudiwe kila mwaka, kwa sababu mbwa wazee hufa na wapya huzaliwa, na baada ya muda mfupi wale saba wanakuwa wanne. Pelekeni mbwa wote siku ya chanjo, hata watoto wa mbwa. Kila mbwa ana kadi yake. Ihifadhini kama mnavyohifadhi kadi ya kliniki ya mtoto.

Wengine husema, "Kwa nini tusiwaue tu mbwa wote koko?" Jambo hilo limejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997. Mbwa wengi sana waliuawa, lakini kichaa hakikuondoka. Mbwa wakiuawa, watu huficha wao au huleta wengine kutoka mbali, na hao wapya hawana chanjo. Sumu nayo haichagui: humwua mbwa aliyechanjwa, paka, na hata mtoto aliyeokota nyama.

Tofauti yake tutazame karibu nasi, kisiwani Pemba. Huko mbwa walichanjwa kisiwa kizima na kichaa kikaisha. Baadaye kiliingia tena kutoka bara, na kwa chanjo kikamalizwa tena. Basi jambo hili linawezekana hapa kwetu Afrika Mashariki, ila halitaki ulegevu. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango wa serikali hauwezi kumshika mbwa wa boma lako. Mwenye kumshika ni wewe.

MTU AKING'ATWA

Someni sehemu hii kwa sauti katika mkutano, na kila mmoja aishike kichwani.

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15. Tumia maji yanayotiririka, ya mfereji au ya kumiminwa kwa jagi. Dakika 15 ni ndefu, tazama saa. Kama sabuni ya kuogea haipo, ya kufulia inafaa. Kazi hii peke yake huondoa virusi vingi.

2. Usipake pilipili, majani, mafuta ya taa, chumvi wala maji ya betri. Usikate kidonda wala kukinyonya. Jiwe jeusi si dawa ya kichaa.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wa jirani. Sindano za siku hizi hupigwa mkononi, si tumboni kama wazee wanavyosimulia. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao huchomwa. Kidonda kikiwa kikubwa, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine ya kuchoma penye kidonda chenyewe.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Wengi huchomwa ya kwanza, kidonda kikapona, wakasema, "Nimepona, mbona nipoteze nauli?" Kidonda kupona si kupona kichaa.

5. Mbwa akiwa hai na anajulikana, afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi ataugua au kufa katika siku hizo. Akiwa mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kusema sindano zisimamishwe. Lakini usingojee siku hizo ndipo uende hospitali. Nenda kwanza.

6. Mbwa akifa au akiuawa, msimguse kwa mikono mitupu, wala msikate kichwa wenyewe. Mwiteni afisa wa mifugo upesi ili achukue kipimo cha ubongo.

Tena, tuwafundishe watoto wetu. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha asiguswe. Mbwa mgeni akija, usikimbie na usipige kelele. Simama kimya kama mti, mikono chini, usimtazame machoni, mpaka aondoke. Ukianguka, jikunje na ufunike uso na shingo. Na juu ya yote, mtoto akiumwa aseme. Tukimchapa kwa sababu alimchokoza mbwa, kesho ataficha, na kidonda alichoficha kinaweza kumwua.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI?

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo ofisi mnayoitafuta haiko mbali sana. Tunapendekeza hatua hizi:

Kwanza, hesabuni mbwa. Wanachama wawili wawili wapite kila boma, lenye mwanachama na lisilo na mwanachama, na waandike: mwenye mbwa, idadi, dume au jike, amechanjwa au bado. Tuseme mmepata mbwa 40. Basi lengo lenu ni mbwa 28 au zaidi.

Pili, pelekeni hesabu hiyo kwa afisa wa mifugo. Mtu akija mikono mitupu huambiwa "tutaona." Akija na orodha ya mbwa 40 na jina la uwanja watakapokusanyika, ni rahisi zaidi kupangiwa siku. Ulizeni kama chanjo ni ya bure au ya malipo. Kwenye kaunti nyingi kampeni hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Tatu, kama kuna malipo, yagawanyeni. Mnaweza kutenga kidogo kutoka kwa mchango wa kila mwezi. Msisahau mjane au mzee asiyeweza kulipa. Mbwa wake asipochanjwa, hatari ni ya wote. Bei ya chanjo ya mbwa mmoja ni ndogo sana ukiilinganisha na sindano za mtu mmoja, nauli za kwenda na kurudi, na siku za kazi zilizopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, siku yenyewe ipangwe vizuri. Isiwe siku ya soko. Iwe asubuhi kabla ya jua kali, chini ya mti, mahali ambapo kila mtu anaweza kufika kwa miguu. Chifu na mzee wa kijiji watangaze katika baraza wiki moja mbele. Kila mbwa awe na kamba, na wakae mbalimbali ili wasipigane. Mtoto mdogo asitumwe na mbwa mkubwa. Wiki mbili kabla, kila mwenye mbwa aanze kumzoesha kamba. Mbwa akishachanjwa afungwe kitambaa cha rangi shingoni ili mjue waliobaki.

Tano, tafuteni mapema ni hospitali gani iliyo karibu yenye sindano za kichaa cha mbwa kwa watu. Zahanati nyingi hazina. Andikeni jina lake katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na mtenge akiba kidogo ya nauli ya dharura. Mtoto akiumwa saa moja jioni si wakati wa kuanza kuulizana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wana kadi ya chanjo?

2. Mara ya mwisho mtu kuumwa na mbwa hapa kwetu, tulifanya nini? Tungefanya nini sasa?

3. Tukichinja katika sherehe, matumbo na maini mabaya huenda wapi?

4. Ni nani kati yetu atakayeenda kwa afisa wa mifugo, na ataenda siku gani?

Tunawaomba msimalize mkutano kabla ya swali la nne kupata jina la mtu na tarehe. Kisha lifungueni daftari, na baada ya ng'ombe, mbuzi na kuku, mwandike pia mbwa.